Wageni wa Angani na Harusi ya Mwanaidi

Asubuhi hiyo Somoe alikuwa akitandaza makopa ya muhogo juani. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa akifagia ua. Walitaka ua ung'ae, kwani Jumamosi Mwanaidi angeolewa hapo hapo nyumbani, kijijini karibu na Madimba.

Mwenye hamu kuliko wote alikuwa Bibi Mwanahamisi, mama yake Jafari. Jafari ndiye baba wa Mwanaidi. Miguu ya bibi ilikuwa imechoka. Hakuweza tena safari ya gari. Lakini sauti yake ilikuwa nzima.

"Siku hiyo nitapiga vigelegele mpaka wasikie Kilambo!" alisema.

Kumbe Jafari alikuwa ameshaharibu mambo. Jafari ni mtu mwema, tatizo lake ni moja: kidole chake kina haraka kuliko kichwa. Jana yake, baada ya swala ya magharibi, aliona taa kubwa angani. Ilitoka upande wa Mto Ruvuma, ng'ambo ya Msumbiji. Ikapita kimya juu ya mikorosho yake, ikaelekea kwenye mitambo ya gesi. Hakumuuliza mtu. Alichukua simu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo.

"Jamani, droni imevuka kutoka ng'ambo! Inapeleleza gesi yetu. Kaeni chonjo!"

Sasa majibu yalikuwa yakimiminika. Mjomba Fadhili wa Kilambo, kaka yake Somoe, alikuwa wa kwanza.

"Shemeji, huko hatuji. Hamishieni harusi Magomeni, Mtwara mjini."

Wengine wote wakamuunga mkono.

"Na mama je?" Somoe alimuuliza mumewe. "Atafikaje Magomeni?"

Bibi alisikia. Alichukua kanga yake mpya, akaikunja, akairudisha sandukuni. Jafari aliona uchungu mpaka akashindwa kunywa chai.

"Twende kwa nesi Rozalia," alisema Somoe. "Yule kila jioni shingo yake iko juu."

Nesi Rozalia alikuwa mwenyeji wa Songea. Alifanya kazi katika zahanati ya kijiji. Alianza kupenda nyota kwenye zamu za usiku, na tangu hapo hakuacha. Alimsikiliza Jafari mpaka mwisho.

"Baba Mwanaidi, hiyo taa ilikuwa inawaka na kuzima?"

"Hapana. Iling'aa tu, ikaenda moja kwa moja. Halafu ikafifia, ikapotea."

Nesi akacheka kwa furaha. "Basi umeona kituo cha anga za juu! Kinaizunguka dunia mchana na usiku. Ndani yake wanaishi watu, wanafanya utafiti."

"Watu? Mbona kinawaka?"

"Hakina taa ya kutuangazia sisi. Huku kwetu jua limeshazama, lakini kule juu bado linakipiga, nacho kinang'aa. Kikiingia kwenye kivuli cha dunia, kinapotea."

Nesi alifungua tovuti ya shirika la anga kwenye simu yake. Akachagua mahali: Mtwara. Orodha ya siku na saa ikatokea.

"Haitaki malipo wala nywila," alisema. "Ukiona tovuti ya nyota inakuomba namba ya siri, ifunge. Tazama hapa: leo, 19:05. Hiyo ni saa yetu moja na dakika tano usiku. Kitatokea kusini magharibi."

Jafari alikunja uso. "Nesi, uvumi nao si unatoka mtandaoni?"

"Kweli kabisa. Ndiyo maana tunaangalia nani ameandika. Kisha tunalinganisha na tovuti nyingine." Akafungua ya pili. Saa ilikuwa ile ile. "Halafu tunatoka nje, tunahakikisha kwa macho yetu."

Jafari akatuma sauti tena kwenye kundi. Safari hii alipanga maneno kwanza.

"Ndugu zangu, nilikosea. Nilituma kabla ya kuuliza. Ile si droni, ni kituo cha anga za juu. Leo saa moja na dakika tano kitapita tena. Kila mtu atoke nje, atazame kusini magharibi. Kisipopita, harusi iende Magomeni."

Jioni familia nzima ilikaa uani pamoja na nesi Rozalia. Mwanaidi alikuwa amemshika bibi mkono. Saa moja ikafika. Jafari alikuwa akitoka jasho. Wingu dogo lilisogea, likaondoka.

"Kile pale!" akapiga kelele Mwanaidi.

Taa ilipanda taratibu juu ya mikorosho. Ilikuwa nyeupe na tulivu. Simu ya Jafari ikalia. Alikuwa mjomba Fadhili.

"Shemeji, nakiona! Wallahi nakiona, niko mlangoni kwangu!"

Ujumbe ukaanza kuingia kutoka Madimba, kutoka Magomeni, kutoka kila upande. Ukoo mzima ulikuwa ukitazama kitu kimoja.

"Mle ndani mna watu?" bibi alimuuliza nesi.

"Wamo, bibi."

"Na sisi tunawaangalia tu, kama hatukufundwa?" Bibi akapunga mkono juu. "Karibuni! Jumamosi tuna pilau!"

Wote wakacheka mpaka machozi. Kabla hawajaingia ndani, mjomba Fadhili alikuwa ameshaandika: "Tunakuja."

Jumamosi ua ulijaa. Jioni mjomba Fadhili aliona taa angani, akasimama na sahani yake ya pilau.

"Shemeji, wale wanakuja!"

Jafari hakushika simu. Alitazama kwanza. "Inawaka na kuzima, shemeji. Hiyo ni ndege ya Dar."

"Nyamazeni na taa zenu," bibi akawaambia. "Mjukuu wangu anatoka."

Mwanaidi alitokea mlangoni, mikono imejaa hina. Bibi, ndani ya kanga yake mpya, akavuta pumzi na kupiga vigelegele virefu.

Mjomba Fadhili akaziba masikio huku akicheka. "Haya mama, Kilambo tumesikia!"