Mashine Iliyozima Kila Ikipata Moto

Kila asubuhi Mbinya aliweka chai mekoni, na mumewe Mwangangi akakaa kizingitini kuifuta mashine yake ya kukata nyasi. Aliifuta taratibu, gurudumu moja baada ya jingine.

"Baba Syovata," Mbinya alimtania, "hata mimi hujanifuta hivyo tangu unioe."

"Wewe huna vumbi," Mwangangi alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Ilikuwa mashine ndogo ya kusukuma, ya zile injini zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Ndogo, lakini ndiyo iliyoilisha nyumba yao pale Munje. Mwangangi aliisukuma kwenye nyumba za wageni za Msambweni, na Mbinya alimfuata na reki akikusanya nyasi. Kabla ya kuipata, Mwangangi alikuwa akipakia malori huko mjini Mackinnon Road. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Binti yao Syovata, alipokuwa mdogo, alimkimbia akidhani ni mgeni. Mbinya hajaisahau siku ile.

Sasa mashine ilikuwa na wiki mbili za matata. Asubuhi iliwaka vizuri, mvuto mmoja tu wa kamba. Baada ya robo saa hivi, ilipokwisha kupata moto, iliguna, ikapungua nguvu, ikazima. Mwangangi aliivuta kamba mpaka bega likamuuma. Akiiacha ipumzike, iliwaka tena, ikakata kipande, ikazima tena.

Alijaribu kila alichokijua. Alinunua plagi mpya. Alisafisha chujio la hewa. Aliongeza oili kwenye petroli, na mashine ikatoa moshi mpaka majirani wakafunga madirisha. Siku moja, kwa hasira, alitaka kuimwagia injini maji ipoe. Mbinya alimshika mkono.

Jumatano, Hesbon alikuja na uso uliokunjamana. Huyo ndiye msimamizi wa nyumba za wageni, mtu wa bara.

"Mwangangi, hii story imezidi," alisema. "Wageni wanaingia Saturday na compound iko nusu. Ijumaa ikipita kama hujamaliza, naleta mtu mwingine. Si ubaya, bro."

Jioni ile Mwangangi hakutaka hata kuitazama mashine. Aliisukuma ukutani, akakaa kizingitini. Kisha akasema, "Nimezungumza na kaka. Mackinnon Road wanatafuta wapakiaji. Jumatatu nitakwenda."

Mbinya aliumia moyo, lakini hakulia. "Nipe kesho moja tu," alimwambia. "Niipeleke kwa Bi Mishi."

"Bi Mishi anatengeneza injini za boti. Boti na nyasi wapi na wapi?"

"Injini ni injini, Baba Syovata. Nipe kesho."

Bi Mishi alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alizaliwa Majoreni, na baba yake alimfundisha kufungua injini za boti kabla hajajua kusuka mkeka. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye leso kiunoni na spana mfukoni.

"Hodi, Bi Mishi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hamjambo nyumbani?"

"Sisi hatujambo. Mgonjwa ni huyu." Mbinya aliisogeza mashine mbele. Mwangangi alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

Bi Mishi aliwauliza maswali mengi. Inazima ghafla, au inapungua nguvu kwanza? Inapungua kwanza. Inawaka tena baada ya muda gani? Mara nyingine dakika kumi, mara nyingine mara moja.

"Mara moja lini?"

Mwangangi alifikiri. "Nikifungua tangi kutazama kama mafuta yapo. Nikifunga, inawaka."

Bi Mishi alitabasamu. Alisogeza jiko lake la makaa mbali, upande wa pili wa nyumba. "Petroli na moto havikai pamoja," alisema. Kisha akavuta kamba. Mashine ikaunguruma.

"Haya, tukae tunywe kahawa. Tunangoja izime."

"Tunangoja izime?" Mwangangi alishangaa.

"Ehe. Nitajuaje maradhi yake kama sijamwona akiugua?"

Wakangoja. Ilipofika robo saa, mashine iliguna, ikafifia, ikazima. Bi Mishi hakugusa kamba wala plagi. Alifunika mkono kwa kitambaa, kwa kuwa injini ilikuwa ya moto, akalegeza kifuniko cha tangi polepole.

Fyuuu! Wote watatu waliisikia sauti ya hewa ikivutwa ndani.

Akakifunga, akavuta kamba. Mashine ikawaka kwa mvuto mmoja.

"Mara moja haitoshi," alisema. "Huenda ni bahati." Wakaiacha mpaka ikazima tena. Akalegeza kifuniko, ikavuta hewa, ikawaka.

"Injini yenu ni nzima," alisema Bi Mishi. "Joto linasingiziwa. Mama Syovata, ukitaka kumimina mafuta ya kupikia kutoka kwenye debe, unatoboa matundu mangapi?"

"Mawili."

"Kwa nini usitoboe moja?"

"Yatatoka kidogo kidogo, halafu yatakwama. Tundu la pili ni la hewa."

"Basi na tangi ni hivyo hivyo. Petroli ikipungua, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa isipoingia, petroli inakwama, injini inakosa chakula, inazima. Ukiiacha, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana inawaka tena. Nyinyi mnadhani imepoa, kumbe imepata pumzi. Ndiyo sababu kwenye kifuniko pana kitundu. Hebu tukione."

Alikifungua, akakifuta, akakiinua kwenye mwanga. Kitundu hakikuonekana. Aliparura kwa ncha ya sindano. Kikatoka kipande kigumu, cheupe.

"Sabuni," alisema. "Nani amemtia huyu sabuni?"

Mbinya alihisi uso unamwaka. Angeweza kunyamaza. Alimtazama mumewe, akasema, "Ni mimi."

Mwangangi aligeuka. "Wewe?"

"Siku ile tuliyopanda tuktuk. Tuliilaza mashine kwa ubavu, petroli ikadondokea leso ya yule mama tuliyepanda naye. Alitusema njia nzima. Niliona aibu. Nilipofika nyumbani nilikiona kitundu, nikadhani ndipo palipotoboka. Baba yangu alikuwa utingo wa lori. Tangi likivuja, walikuwa wanaziba kwa sabuni ya kipande. Nikafanya vile vile. Nilidhani nasaidia. Nisamehe, Baba Syovata. Ni mimi niliyetaka kukurudisha Mackinnon Road."

Mwangangi alikitazama kifuniko mkononi mwa Bi Mishi. Kisha akasema, "Nimefungua kifuniko hicho kila siku kwa wiki mbili, na sikukitazama hata mara moja. Tusameheane."

"Na mimi niwasamehe wote wawili kwa ule moshi," alisema Bi Mishi, na kicheko kikawapata. "Sikilizeni. Mkitaka kuisafirisha, mimineni petroli kwenye mtungi wenye kifuniko imara. Mashine isafiri tupu, isimame kwa magurudumu yake. Oili changanya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, usiongeze. Ikizidi inachafua plagi, ikipungua inaua injini. Nyasi zinazonasa kwenye mapezi ya injini, hivi vichuma vyembamba vya ubavuni, zitoe kila siku, maana hapo ndipo inapopozwa. Na maji kwenye injini ya moto, abadani! Chuma kitapasuka."

Aliosha kifuniko kwa petroli, akapuliza kitundu. Hewa ikapita. Alikataa malipo, akasema waje tu wamfyekee uwanja siku yoyote. Mbinya alimshika mikono yote miwili, akamwambia ahsante.

Ijumaa mashine iliwaka saa moja asubuhi. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Mbinya alikuwa anakusanya nyasi huku masikio yote yako kwenye injini. Haikuguna. Ilizimwa na Mwangangi mwenyewe, kuongeza mafuta, na hata hapo aliingoja ipoe kwanza. Alasiri Hesbon aliuzunguka uwanja wote, akarudi anacheka. "Sasa hiyo ndiyo kazi! Wiki ijayo mje upande wa bustani."

Syovata alikuja kutoka shuleni akawakuta palepale Msambweni uwanjani, wamekaa chini, miguu ya kijani kwa nyasi. Alisimama mbele ya baba yake.

"Baba, Jumatatu utaondoka saa ngapi?"

Mwangangi alitoa simu, akampigia kaka yake palepale, mtoto akisikia. "Kaka, ahsante sana kwa kunitafutia nafasi. Mpe mwingine. Mimi nimebaki na watu wangu."

Mbinya aligeuza uso upande, akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Mungu akubariki, Bi Mishi," alisema kwa sauti, ingawa Bi Mishi alikuwa mbali huko Munje, wala hakuweza kumsikia.