Saundikadi ya Haboba Fatumah

Kila asubuhi mjini Koboko, Fatumah hukaa barazani akisuka kawa la kufunikia chakula. Nyumbani wanamwita Haboba. Ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Vidole vinasuka, mdomo unaimba nyimbo za doluka, ngoma ya harusi za Wanubi. Mjukuu wake Shakirah huchuja chai polepole makusudi, apate kusikiliza.

Zamani nyimbo hizo zilikuwa kwenye kaseti. Shakirah anaikumbuka mno! Redio nyekundu, harufu ya udi, wanawake katika gurbaba zao mpya, zile nguo za kujifunga, na sauti ya Haboba ingali changa. Siku moja redio ikaitafuna kaseti yote. Shakirah alilia kama amefiwa. Hata leo, mtu mzima na kazi yake, akikumbuka anaumia.

Sasa Haboba ana uvimbe shingoni. Jumatatu atapasuliwa. Daktari alimweleza wazi: atapona, lakini sauti inaweza kubadilika. Leo ni Alhamisi.

Shakirah aliamua kumrekodi kabla ya siku hiyo, pamoja na Zamzam, rafiki wa Haboba tangu usichana wao. Haboba huita, Zamzam huitika huku akipiga ngoma. Laptopu ilikuwapo, maiki mbili zilikuwapo. Ilikosekana saundikadi, kisanduku kinachopokea sauti ya maiki na kuiingiza kwenye kompyuta. Akaenda Arua, akaona moja yenye matundu mawili, akanunua bila kuuliza. Haraka za Shakirah ni zile zile tangu utoto.

Nyumbani, maiki ya kwanza iliingia. Ya pili ikagoma. Akaisukuma, akaigeuza, akaipuliza. Wapi!

"Basi tutarekodi mmoja mmoja," alisema. "Haboba, imba peke yako. Mama Zamzam ataitika baadaye."

Haboba aliimba mstari mmoja. Akangoja. Akamtazama Zamzam, aliyekaa kando mikono mapajani.

"Sasa nani iko naitika mimi?"

"Endelea tu, Haboba."

"Mimi hapana jua kuimba na ukuta! Miaka yote mimi naita, huyu naitika. Toa hii kitu yako hapa!"

Wazee wote wawili wakacheka. Shakirah hakucheka. Siku zilikuwa zinakwisha.

Ijumaa akarudi Arua kwa Evelyn, fundi wa mitambo katika redio moja ya mjini. Evelyn akaigeuza saundikadi mkononi.

"Hii tundu iko ya maiki. Hii ingine iko ya gitaa. Angalia, hata umbo si sawa."

"Mimi nilidhani tundu ni tundu!"

"Watu wengi wanadhani hivyo, dada. Kwanza jiulize: wangapi wataimba kwa wakati mmoja?"

"Wawili. Mmoja anapiga ngoma pia."

"Maiki yake itachukua mdomo na ngoma pamoja, ukiiweka vizuri. Basi tafuta yenye tundu mbili za maiki."

"Si afadhali ile kubwa, ya tundu nane?"

"Ya nini? Uko na kwaya? Sita zitakula vumbi tu." Evelyn akaendelea. "Maiki zingine zinaomba umeme kutoka kwa saundikadi. Kwa hizo unahitaji kitufe cha volti arobaini na nane. Tafuta pia tundu ya hedifoni, usikie sauti inavyoingia. Na beba laptopu yako, uijaribu hapo hapo dukani."

"Na taa nyekundu ikiwaka?"

"Sauti imezidi, itapasuka. Punguza mpaka ibaki kijani."

Wakaenda pamoja. Kisanduku kilikuwa bado kipya, kwa hiyo muuzaji alikubali kukibadilisha, naye Shakirah akaongeza pesa kidogo. Safari hii alijaribu maiki zote mbili kabla ya kutoka dukani.

Jumamosi alitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Akafukuza kuku. Haboba akavaa gurbaba na kuwasha udi.

"Haboba, hii haipigi picha!"

"Wewe hapana jua kitu. Nyamaza."

Haboba akaita. Zamzam akaitika. Taa ilibaki kijani. Ndani ya hedifoni Shakirah alisikia ile sauti ya kaseti, imezeeka kidogo tu, na machozi yakamtoka.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Uvimbe ukaisha. Lakini sauti ilirudi nzito, ya kukwaruza. Wiki nyingi Haboba alisuka kimya, na baraza ikawa ngeni kwa Shakirah.

Kisha binti wa jirani yao Ramathan akaolewa. Shakirah alileta rekodi na spika. Kila maiki ilikuwa imerekodiwa kwenye njia yake, kwa hiyo aliipunguza sana ya Zamzam, akaiacha ya Haboba. Zamzam mwenyewe akashika ngoma.

Sauti ya Haboba ikaita, safi. Wanawake wakageuka kumtazama. Haboba alikaa akisikiliza, mkono shingoni kwenye kovu. Ikaita tena. Ndipo akasimama, akaitika kwa sauti yake mpya ya kukwaruza, bega kwa bega na Zamzam.

"Ala! Leo wewe naitika?" Zamzam akamtania.

"Leo mimi naitika," alisema Haboba, akicheka na kulia. "Huyu mwanamke anaimba vizuri, wallahi. Mimi nilikuwa hapana jua."