Jiwe la Ukuta wa Songo Mnara

Siku Yassir alipozikwa Mpemba, mji wa bara, nyumba ilijaa watu. Hata hivyo, hakuna aliyekalia kiti chake kando ya redio.

Raudha, mkewe, akaanza eda. Siku chache baadaye aliingia wifi yake, Zuleha, kutoka Kilwa. Kwa umbali wa safari, mazishi hakuyawahi. Alilia, akamkumbatia Raudha, kisha akatazama rafu.

"Wifi, jiwe la kaka liko wapi?"

Raudha aliguna. Jiwe lile! Yassir alilibandua utotoni kwenye ukuta wa mji wa kale wa Songo Mnara, kisiwani kwao. Kila jioni alilishika na kusifu: ukuta wetu, misikiti yetu, nyumba zetu za mawe. Ihanda, kijiji cha bara alikozaliwa Raudha, hakuisifu hata siku moja. Mke mwenza utagombana naye. Mji utaufanya nini? Basi kila mumewe aliposafiri na lori, Raudha alilichukua jiwe lile akasugulia visigino. Alisugua kwa hasira, kisha akalirudisha rafuni; safari ya mwisho hakulirudisha.

"Liko bafuni," alisema.

Zuleha alilichukua. Upande mmoja ulikuwa umelika. "Ee wifi! Ukuta wa babu zetu umeumalizia kisiginoni?"

"Ni jiwe tu. Na sasa ni langu. Mimi nimebaki na kaburi, mnataka na jiwe?"

Zuleha aliketi. "Si lako, wala halikuwa la kaka. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukibandua moja, mvua inaingia, chokaa inalegea, la pili linaanguka lenyewe. Utotoni sote tulibandua. Kumbe sheria inakataza. Kaka aliniambia safari ijayo atalirudisha."

"Alikwambia wewe. Mimi hakuniambia."

"Ungemsikiliza, wifi? Ulikuwa ukinuna kila akitaja kwetu."

"Nyinyi wa pwani na ukuta wenu!"

"Wetu peke yetu? Waliojenga, miaka kama mia sita iliyopita, walitajirika kwa dhahabu na pembe za ndovu. Zilivuliwa baharini?"

"Zilitoka bara," Raudha akasema.

"Haya. Basi na bara imo ukutani."

Raudha aliliosha jiwe, akalifunga kwa kanga yake mwenyewe. "Mwambie mlinzi wa magofu limetoka kwa mke wa Yassir. Wa Ihanda."

Zuleha aliporudi Kilwa, mlinzi alilipokea. Majirani wa Zuleha waliposikia, nao wakatoa mawe waliyobandua. Mafundi walipokuja kukarabati, waliyatumia kuziba pengo.

Siku hizi Raudha anasugua visigino kwenye kizingiti cha saruji.