Kalafati Chini ya Gari

Kila asubuhi Swafiya alijitahidi awe wa kwanza kufika kisimani, na kila asubuhi alikuta wanawake kumi wameshamtangulia. Aliweka debe lake kwenye foleni, akakaa chini, akasubiri. Zamu yake ilipofika alishuka kwa ngazi ya kamba mpaka chini kabisa, akakwangua tope kwa kifuu, akapata maji ya kujaza nusu debe. Na maji yenyewe, jamani! Yalikuwa na chumvi kali hata chai ikipikwa nayo, sukari haikufua dafu.

Huo ulikuwa mwaka wa 1961, na kijiji ni Mkokoni, bara ya Lamu, mkabala na kisiwa cha Kiwayu. Mvua za masika zilikuwa zimepita bila kunyesha. Mbuzi walikufa kwanza, kisha punda. Bahari ilijaa na kupwa mbele ya milango ya watu kama kawaida yake, na watu wale wale walilala na midomo imepasuka kwa kiu.

Swafiya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake alifanya kazi bandarini Mombasa. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mama yake Bi Umi, na mdogo wake Gharib, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Gharib alikuwa akiharisha. Kila aliponyweshwa maji ya kisima hali yake ilizidi, utosi ukabonyea na macho yakazama ndani.

Maji matamu yalikuwako, lakini yalikuwa maili tisa ndani ya msitu, na msitu ule una nyati. Mtu pekee aliyefika huko mara kwa mara ni Bwana Fanuel, mfanyabiashara kutoka Kakamega aliyekuja kununua papa mkavu. Alikuwa na magari mawili, yote makuukuu. Moja lilikuwa pikapu ndogo ambayo watu waliibandika jina la Kibiriti. La pili lilikuwa gari kubwa la zamani za vita, linalosukumwa na magurudumu yote manne, na hilo waliliita Jabali. Kibiriti hakikushuka pwani hata siku moja, maana mchanga ungekimeza. Jabali ndilo lililoteremka mpaka ukingo wa maji kupakia samaki.

Kwa sababu hiyo Bwana Fanuel alimpa Swafiya kazi. "Wewe mwembamba, unaingia uvunguni bila taabu," alimwambia. "Kila Alhamisi nitakuletea madebe mawili ya maji matamu kutoka msituni. Osha chini ya Jabali kote. Maji ya bahari usitumie hata tone." Hakueleza kwa nini, na Swafiya hakuuliza.

Alhamisi ya kwanza alifanya kama alivyoambiwa. Alhamisi ya pili aliyatazama yale madebe mawili, maji meupe yanayong'aa, akamkumbuka mdogo wake. Ala! Chuma kioge maji matamu, na mtoto afe kwa kiu? Akayabeba madebe mpaka nyumbani, moja moja, akipitia nyuma ya nyumba.

"Mama, Bwana Fanuel katupa maji," alisema.

Bi Umi alinyanyua mikono juu akamwombea dua Bwana Fanuel na kizazi chake chote. Swafiya alirudi pwani, akachota maji ya bahari, akaliosha gari kwa bidii. Wala hakuona kama anaharibu kitu. Tangu azaliwe aliona vyombo vya baharini vikioshwa kwa maji ya chumvi. Kwa watu wa Mkokoni, chombo kikikaa mbali na maji ya chumvi ndipo mbao hukauka na kupasuka. Nanga nayo ni chuma, alijiambia, na hulala baharini mwaka mzima.

Miezi minne ilipita hivyo. Gharib alipata nafuu, akaanza kutambaa. Ndipo Alhamisi moja, Swafiya akiwa chali uvunguni, alipitisha mkono kwenye kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari kama mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Kidole chake kikazama ndani. Alikichomoa kwa hofu, na magamba ya kutu yakamwangukia usoni. Aligusa mbele kidogo, akakuta tundu jingine.

Alifanya kile ambacho mtoto wa kijiji cha mafundi vyombo angefanya. Alichukua pamba, akaichovya kwenye sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua, akaishindilia kwenye matundu kwa kijiti. Yaani alilitia gari kalafati! Kisha akapaka udongo juu yake, na mtu asingeona kitu. Lakini yeye alikuwa ameona. Kuanzia siku ile alijua, na alinyamaza.

Ukame ulizidi. Papa waliadimika, na Bwana Fanuel akaamua kurudi kwao. Aliacha kwenda msituni, na maji matamu yakakoma. Baada ya siku kumi tu Gharib alirudia hali yake ya kwanza. Alilala mkekani, hatambai, halii kwa nguvu. Bi Umi alimpepea kutwa nzima, midomo ikinong'ona maneno ya dua, na Swafiya hakuweza hata kuwatazama.

Ndipo Bwana Fanuel akawaambia wanakijiji: "Nitawaachia gari moja la kuletea maji. Mtanilipa kwa papa wakavu mlio nao, na bei ni ile ile, mchukue dogo au kubwa. Litakalobaki nitapanda mimi kurudi nyumbani. Chagueni."

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, watu walikusanyika kwenye banda la kuundia vyombo. Magari yote mawili yalikuwa nje, Kibiriti kimevutwa na Jabali kwa kamba kupita mchangani. Bwana Mselem, mkuu wa wavuvi, alilizunguka Jabali, akaligonga ubavuni kwa ngumi na kutega sikio, kama anavyogonga mbao za mashua anayotaka kununua.

"Ubavu mzima!" alitangaza. "Mapipa sita kwa safari moja, na mchanga haliuogopi. Hicho Kibiriti kitaleta mapipa mawili, tena kikwame ndiani. Mwasemaje?"

"Jabali!" watu waliitikia.

Obeid, aliyewahi kuendesha malori Malindi na ndiye angekuwa dereva, alinyanyua mkono. "Bwana Mselem, Kibiriti hakinywi petroli nyingi. Na injini yake naiona nzima."

"Obeid, petroli waijua, mchanga huujui?" Bwana Mselem alimkata kauli, na watu wakacheka kicheko kikavu cha watu wenye kiu.

Swafiya alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Mara Bi Umi akainuka, Gharib amelala begani.

"Bwana Fanuel, kabla hujaenda zako nakushukuru mbele ya watu," alisema. "Miezi minne umemnywesha mwanangu maji yako matamu. Mungu akulipe."

Bwana Fanuel alikunja uso. "Maji gani, Bi Umi?"

Swafiya alijibanza nyuma ya mama yake. Lakini Bwana Fanuel alimtazama yule mama aliyedhoofika, akamtazama na mtoto, akaona haya kubishana naye. "Mtoaji ni Mungu," alisema kwa upole, akageukia upande mwingine.

Basi ikawa imepita hivyo hivyo. Swafiya alikuwa ameokoka, na hakuna ambaye angejua kamwe.

"Tumekwisha kata shauri, ni Jabali," alisema Bwana Mselem. "Obeid, kesho alfajiri uondoke. Bi Umi apande safari ya kwanza na mtoto, akanyweshwe maji matamu huko huko msituni. Hali yake haingoji mapipa."

Swafiya aliliona gari likikatika vipande viwili katikati ya msitu, mbali na kila mahali, na mama yake ndani.

"Asipande mtu!" alipiga ukelele. "Limeoza! Wallahi, limeoza chini!"

"Nani kampa mtoto ruhusa ya kusema barazani?" Bwana Mselem alifoka.

"Njoo uone, Bwana Mselem! Njoo uguse!" Swafiya alikwisha kujitupa uvunguni, analia. Bwana Mselem alisita, kisha akalala kwa tumbo, bila hata kuvua kilemba, akaingia. Watu waliona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa ameshika uzi mrefu wa pamba nyeusi. Aliunusa.

"Sifa," alisema taratibu. "Hii ni kalafati. Miaka hamsini natia kalafati vyombo. Nani kaitia kwenye chuma?"

Mtu mmoja aliangua kicheko, lakini hakuna aliyemuunga mkono. Obeid alichukua nyundo, akakipiga mara moja kile chuma kirefu, ambacho yeye alikiita chasisi. Kipande cha shubiri nzima kilimeguka kikaanguka mchangani kama mkate mkavu.

Swafiya alisema yote: madebe mawili ya kila Alhamisi, maji ya bahari, kidole kilichozama, pamba na udongo. Alipomaliza hakuthubutu kunyanyua uso.

"Ulinidanganya, Swafiya?" Bi Umi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dua zote zile nilimwombea mtu kwa kitu ambacho hakukitoa?" Akakaa chini mchangani.

Bwana Fanuel alikuwa amepandwa na hasira, mishipa ya shingo imemtoka. "Umeniulia gari, mtoto wewe! Sasa nikiwaachia hilo dogo, mimi narudi nyumbani na nini? Mke wangu na watoto wanne wananingoja!"

Gari zima lilikuwa moja tu, na lilikuwa lake. Wanaume walitazama chini. Hapo Gharib aliamka akalia, na kila mtu aliona kwamba analia bila machozi. Mwili wake ulikuwa hauna tena maji hata ya chozi.

Bwana Fanuel alimtazama. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akamtupia Obeid.

"Chukueni Kibiriti," alisema. "Mimi nina miguu, na nyinyi mna mashua."

"Nitakupeleka Lamu mwenyewe, wewe na mizigo yako yote," Bwana Mselem alisema haraka, "na mtu asitaje nauli."

Alfajiri Kibiriti kiliondoka na mapipa mawili, Obeid usukani na Bi Umi kando yake na mtoto. Hakikufika mbali. Katika mchanga wa kwanza tairi za nyuma zilizunguka, zikazunguka, zikazama. Watu walisukuma mpaka wakaishiwa nguvu. Bwana Mselem alishika kiuno. Baadhi ya wanawake walianza kulia.

Bi Umi aliteremka. Aliuchukua mkeka aliomkingia Gharib jua, akautandika mbele ya tairi. "Obeid, jaribu." Gari lilisogea urefu wa mkeka, likasimama.

"Leteni majamvi!" Bi Umi alipaza sauti. "Yote! Hata ya kulalia!"

Wanawake walikimbia majumbani. Kibiriti kilipanda juu ya majamvi ya Mkokoni, hatua kwa hatua, na kila jamvi lilipoachwa nyuma Swafiya alilivuta, akakimbia nalo mbele, akalitandika tena. Viganja vilimchubuka, jua likamwakia kichwani. Hakupumzika, na hakuna aliyemwambia apumzike. Walipofika kwenye udongo mgumu Kibiriti kilipiga honi, kikapotea msituni.

Kilirudi kabla ya alasiri, na majamvi yakatandikwa tena. Gharib alikuwa amepakatwa na mama yake, shati limelowa kifuani, na alikuwa analia kwa machozi. Machozi ya kweli! Swafiya aliyagusa kwa kidole, naye akalia. Usiku na mchana uliofuata Bi Umi alimnywesha mtoto maji matamu yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kwa kijiko, mpaka utosi ukajaa tena.

Siku Bwana Fanuel alipoondoka, Swafiya alimpelekea mtungi mdogo wa maji ya safari. Alisimama mbele yake, macho chini.

"Ungeniomba yale maji ningekupa," Bwana Fanuel alimwambia. "Mtoto mgonjwa, ningekataaje? Lakini hukuniomba. Na kuosha kwa maji ya bahari, hilo ni kosa la kutojua, nimekusamehe. Mimi mwenyewe sikukueleza. Lakini siku kidole chako kilipozama kwenye chuma, ulijua. Ukaficha. Kutu ilikula gari langu, na kunyamaza kwako kungekula watu. Ukikosea, sema siku ile ile, hata kama unaogopa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bwana Fanuel."

"Basi mtunze mdogo wako." Akapokea mtungi, akaingia mashuani.

Jioni ile Obeid alimwita Swafiya, akamwonyesha Kibiriti na debe moja la maji matamu. "Uvungu huo unakungoja," alisema.

Swafiya aliyatazama yale maji. Akalitazama paa la nyumba yao. Kisha akaliacha debe pale pale lilipo, akaenda nyumbani, akasimama mlangoni.

"Mama, Obeid kanipa maji ya kuoshea gari. Gharib anayo ya kunywa?"

Bi Umi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile barazani, alitabasamu.

"Anayo, mwanangu. Kaoshe gari."

Swafiya akarudi, akalala chali uvunguni, akaanza kuosha.