Nishani Upande wa Kulia

Saa tano na robo asubuhi dereva wa Meja mstaafu aligonga mlango, hakuitikiwa, akaingia. Alimkuta bosi wake sakafuni kando ya meza ya kupigia pasi, amevaa sare kamili, kisogo kimepasuka. Pasi ililala ubavuni mwake, bado ina joto.

Mkaguzi wa polisi alifika dakika ishirini baadaye. Alikuwa mama mtu mzima, mjane wa askari, si msemaji. Alichuchumaa akaitazama nishani ya ushujaa. Ilikuwa kifuani kwa marehemu, upande wa kulia, pini imefungwa vizuri. Chini ya utepe kulikuwa na tone la damu lililokwisha kukauka. Basi ilibandikwa baada ya pigo.

Siku hiyo saa tisa alasiri bwalo la kambi lilikuwa lipewe jina la Meja. Miaka ishirini nyuma aliwabeba majeruhi watatu katikati ya mvua ya risasi. Ndivyo taarifa yake ilivyosema.

Konstebo alikuwa ameshamfunga pingu mtoto wa kambo wa Meja, fundi umeme mtu mzima. Majirani walisikia ugomvi saa nne.

"Mligombania nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Alinikataza sherehe. Ati mtoto wa mwoga atamtia aibu."

Baba yake mzazi alikuwa sajini wa Meja, na taarifa ile ile ilisema alipigwa risasi akikimbia. Baadaye Meja akamwoa mjane wake, na watu wakamsifu kwa roho nzuri.

"Nionyeshe nishani hukaa wapi."

Kijana aliinua mikono yenye pingu, akagusa kushoto. "Hapa. Si ndiko anakovaa siku zote?"

"Na wewe, mzee?"

"Kushoto, afande, hata uniamshe usingizini," dereva alijibu. "Kulia huvaa wafiwa, nishani ya marehemu wao."

Daftari la getini kambini lilionyesha dereva alikuwa huko tangu saa nne kasorobo hadi saa tano.

Mkaguzi aliingia jikoni. Mke wa marehemu alikuwa amerudi, ati kutoka sokoni.

"Pole, dada. Mbona kikapu kitupu?"

"Vitu vimepanda."

"Siku ya kumbukumbu wajane tunapanga mstari. Wewe husimama wapi?"

"Mwisho. Wenzangu wana nishani kulia. Mimi kifua kitupu kama ubao."

"Mwanao anapelekwa kituoni, na hajui kulia ni kwa nani. Dereva anajua, lakini alikuwa kambini. Amebaki nani, dada?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. "Mfungue mwanangu."

Walirudi sebuleni, akasema mbele ya wote.

"Jana huyu dereva alinijia analia. Amepewa karatasi aisome leo, kwamba yeye ni mmoja wa wale majeruhi watatu, na Meja ndiye aliyembeba. Akaniambia aliyembeba ni mume wangu wa kwanza, sajini. Alikwenda mara tatu, akarudi na watu watatu. Meja alikuwa amejikunyata mtaroni. Mara ya nne mume wangu alimfuata yeye, ndipo akapigwa. Leo nimemuuliza huku nanyoosha kola. Akasema, 'Wafu hawahitaji bwalo.' Akavaa, akanigeuzia mgongo nimfute vumbi. Pasi ilikuwa bado mkononi mwangu."

"Na nishani?"

"Nilimvalisha kama mfiwa. Haikuwa yake, ni ya mwenzake aliyekufa."

Kijana alikuwa akisugua vifundo vya mikono. "Mama, uliniona na pingu."

"Nilikuona. Nikasema moyoni, wakimwachia nitanyamaza. Mungu anisamehe."

Simu ililia. Kambini walisema sherehe iko palepale, jina limeshapakwa rangi ukutani.

Mkaguzi alimwekea dereva karatasi. "Andika ya mtaroni."

"Afande, watauliza kwa nini nilinyamaza miaka yote."

"Watauliza."

Mzee aliandika jina lake na namba yake ya jeshi. Kalamu ikasimama. Nje gari la polisi lilikuwa likinguruma, na konstebo akamgusa mama kiwiko.

"Ngoja, mwanangu," mama alimwambia konstebo, macho kwenye karatasi. "Amalize kwanza."