Doa Katikati ya Maharage

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kamanda alikagua shamba lake la maharage. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya amri zake. Amri kubwa ilikuwa hii: maharage yakitoa maua, mtu yeyote asikanyage ndani. Hata yeye mwenyewe aliishia ukingoni.

Msimu uliopita yeye na mkewe walivuna nusu tu ya kawaida, wasijue kwa nini. Sasa walikuwa wamepanda mbegu yao ya mwisho. Mavuno yakipungua tena, wangekosa chakula na wangekosa cha kupanda.

"Baba watoto, nimemwita bibi shamba," mkewe alisema.

"Aje kuangusha maua yangu?"

"Hakanyagi. Anarusha droni."

"Basi shamba langu limekuwa uwanja wa ndege!"

Bibi shamba alifika, akawaamkia, akarusha kindege chake. Kilivuma juu ya shamba, kikaenda na kurudi mstari kwa mstari. Kisha akawaonyesha ramani kwenye kompyuta. Pembeni palikuwa kijani. Katikati palikuwa na doa jekundu.

"Kompyuta yako inaumwa," Kamanda alisema. "Maharage yangu ni ya kijani kote."

"Kwa macho yetu, ndiyo, mzee. Lakini kamera ya droni huona hata mwanga tusiouona sisi. Jani lenye afya hurudisha mwanga huo kwa wingi. Jani lililochoka hurudisha kidogo, hata kabla halijabadilika rangi."

"Limechoshwa na nini?"

"Ramani haisemi. Inaonyesha pa kutazama tu. Lazima tuingie."

Kamanda aliyatazama maua yake.

"Mume wangu," mkewe aliuliza, "tutakula maua?"

Kamanda akavua viatu, akaingia wa kwanza.

Katikati, udongo ulikuwa mkavu. Matundu ya mipira ya kumwagilia yalikuwa yamezibwa na matope. Waliisafisha yote siku ileile, wakasimama wakitazama maji yakidondoka.

Wiki mbili baadaye droni ilirushwa tena. Doa lilikuwa limefifia. Walivuna magunia manane kama misimu ya zamani, na moja wakalitenga kwa mbegu.

"Tumshukuru bibi shamba," mkewe alisema.

"Nimeshamshukuru." Kamanda alisimama mbele ya watoto wake. "Mama yenu ndiye aliyemwita, mimi nikabisha. Asante, mama watoto."

Watoto walitazamana.

"Hebu rudia, sikusikia vizuri," mkewe alisema.

"Asante, mama watoto!" Kamanda alirudia, mpaka majirani wakasikia.