Swali Ambalo Nyumba Nzima Ililikwepa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiat alikuwa na kazi tatu: kuchochea moto wa wali wa kunata, kuwalisha bata, na kumfanyia mtu mmoja mzaha. Kazi ya tatu hakutumwa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote. Jumatatu hiyo alitia chura ndani ya kofia ya babu yake. Mzee Khampong aliivaa hadi hekaluni na kurudi, akisifu njia nzima jinsi asubuhi ilivyokuwa na ubaridi kichwani.

Kijiji kizima kilikuwa na furaha. Ijumaa ilikuwa sikukuu ya roketi za mianzi, zile zinazorushwa juu kuomba mvua, na Babu ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Tena Mjomba Sawat, mdogo wake Mama, alikuwa amerudi nyumbani. Alikuwa amelazwa mwezi mzima katika hospitali ya magonjwa ya akili kwa sababu alijaribu kujiua. Kiat aliambiwa tu kwamba mjomba anaumwa. Hayo mengine aliyapata kwa kutega sikio ukutani, somo ambalo angepewa alama zote kama lingefundishwa shuleni.

Wazee walimfungia Mjomba nyuzi nyeupe mikononi, wakiiita roho yake irudi nyumbani. Siku ya kufunga nyuzi hakuna anayetamka neno baya, na Mama aliamua kwamba siku hiyo isiishe. Neno hospitali likafukuzwa nyumbani kama mbwa mwizi. Kadi iliyosema Mjomba arudi kliniki Ijumaa ikafichwa chini ya mto wa kulalia.

"Ijumaa ni roketi," Mama alisema. "Ataenda wiki nyingine. Si amepona? Huoni anavyokula?"

Mjomba alikula, ni kweli. Alicheka pia. Lakini Kiat alikuwa bingwa wa kuvaa uso wa uongo, na bingwa humjua bingwa mwenzake. Kila mara kicheko cha Mjomba kilichelewa kidogo, kana kwamba anangoja kwanza wengine wacheke.

Ijumaa asubuhi Mjomba alimwita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika ala yake ya muziki ya mianzi, ya kupuliza, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa hata kuifuta vumbi.

"Ichukue. Ni yako sasa," alisema. "Mimi sitaihitaji tena. Ila usimwambie mama yako."

Kiat alikuwa ameitamani ala hiyo tangu akiwa na meno mawili. Alifurahi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha akayarudia maneno ya Mjomba: hataihitaji tena. Alikimbia jikoni.

"Mama, Mjomba hayuko sawa. Anagawa vitu vyake, anasema hatavihitaji tena."

"Kiat, jana ulisema bata wamehamia kwa jirani. Nimezunguka nusu saa na jua lile."

"Leo ni kweli."

"Leo ni sikukuu, na hayo ni maneno ya mikosi. Nipishe, mafuta yanaungua."

Hapo Kiat alionja dawa yake mwenyewe, na ilikuwa chungu. Alitoka mbio hadi barabarani kwa Bi Lamduan, mhudumu wa afya wa kujitolea, aliyeuza saladi ya papai bichi na kumpima presha kila mteja, atake asitake.

"Umemtia nani chura leo?" Bi Lamduan aliuliza huku akitwanga.

"Sijamtia mtu. Bi, leo sina mzaha." Akamweleza yote, hata lile aliloambiwa asiseme.

Bi Lamduan aliacha mchi ndani ya kinu. Wateja watatu walitazamana. Hawakuwahi kuona jambo hilo.

Bi Lamduan alimkuta Mjomba ameketi kivulini, chini ya nyumba yao iliyoinuliwa kwa nguzo. Akaketi karibu naye, wala hakunong'ona.

"Sawat mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

Mama, aliyetoka jikoni kuona kuna nini, alidondosha chujio. "Dada, jamani, utaifukuza roho yake."

"Swali haliifukuzi roho, mdogo wangu. Wala halimtii mtu wazo ambalo hana. Mwache ajibu."

"Ndiyo," Mjomba alisema. "Tangu Jumapili. Lakini nyote mlikuwa na furaha sana. Niliona aibu kuiharibu."

Mama alimkumbatia. Bi Lamduan aliitoa kadi pale Kiat alipomwonyesha, akapiga simu. Muuguzi alijibu bila kusita: asiachwe peke yake hata dakika moja, na aletwe sasa hivi.

Shida ikawa gari. Pikapu ilikuwa moja tu, na juu yake ilifungwa roketi ya Babu, ndefu kuliko nyumba, imepambwa kwa karatasi za dhahabu. Zamu yake ya kurushwa ilikuwa imekaribia.

"Ishusheni," Babu alisema.

"Mzee, zamu itatupita," vijana wa kikosi chake walilalamika.

"Ipite. Mvua inajua kusubiri."

Daktari alimsikiliza Mjomba kwa saa mbili, akambadilishia dawa, akapanga naye na Mama nani awe karibu naye kila siku. Akaagiza sumu zote za shambani zitolewe nyumbani, zifungiwe kwa Bi Lamduan. Kliniki tena Jumanne.

Waliporudi alasiri, kijiji kiliwangoja shambani. Kikosi ambacho roketi yake haikuruka hutupwa matopeni, na sheria hiyo haijali udhuru wala mvi. Babu alitupwa wa kwanza. Mjomba hakungoja kutupwa, aliingia mwenyewe.

Kiat alikaa ukingoni na Bi Lamduan. "Nimevunja siri ya Mjomba," alisema.

"Mguu uliovunjika ukitolewa plasta leo, unacheza mpira leo?"

"Hapana."

"Basi na akili ni hivyo hivyo. Majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali ndiyo yenye hatari zaidi. Ndipo mgonjwa anahitaji kliniki na watu wa kumuuliza bila woga. Na siri inayoweza kuondoa uhai wa mtu haitunzwi, mwanangu. Hupelekwa kwa mtu mzima, na asipokusikia, unamwendea mwingine. Ndivyo ulivyofanya."

Mjomba alikuja, amevaa tope toka utosini hadi nyayoni. Kiat alikusanya ujasiri wake wote.

"Mjomba, saa hizi je? Yale mawazo yapo?"

Mjomba alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali la haki. "Yapo kidogo," alisema. "Asubuhi yalikuwa makubwa. Niulize tena kesho."

Kisha akamvuta mguu, akamwangusha topeni.